Bwana Ama Baadu

Kutoka Pangani mpaka Moa, hakuna mtu anayejua Uweso bin Shehe aligundua nini. Miaka miwili alipanda minazi ya watu na chupa mfukoni, akikamata wadudu, na wenye mashamba wakamtazama kutoka chini kama mtu aliyepandwa na shetani. Wakati ule vidaka vilikuwa vikipukutika kabla nazi haijafikia hata ukubwa wa ngumi, na chungu cha pwani bila tui ni maji ya moto tu. Uweso aliijua sababu. Mwenyewe alisema anaijua. Lakini hakuitaja, na mahali ambapo jibu lake lingekaa, hadi leo pana kimya, na vidaka vikidondoka juu ya mabati.

Makerere ilimfundisha wadudu. Kabla ya hapo alikuwa amelelewa Makorora, mtaa wa Tanga, na shangazi yake, Bi Mwatumu, ambaye elimu yake ilikuwa moja, ya salamu. Bi Mwatumu alijua nani husalimiwa mwanzo, nani hupewa mkono, na nani hununa mwezi mzima usipomuuliza hali ya punda wake.

"Ukimruka mtu," alizoea kusema, "umemvua nguo mbele za watu."

Mwaka 1957 Mzungu mmoja wa mambo ya shule, tuliyemwita Bwana Elimu, aliandaa mkutano mjini Tanga. Wanafunzi wawili wa shahada ya juu wangeeleza utafiti wao kwa Kiswahili mbele ya watu wa kila namna: wavuvi, makarani, mama wa vitumbua. Kila mmoja alipewa dakika tano na kengele. Atakayeeleweka zaidi angepelekwa Uingereza kumalizia masomo. Uweso aliitaka safari ile mpaka ikamkosesha usingizi. Alikwisha kushonesha koti zito la baridi, na nyumbani alilivaa ili alizoee, jasho likimtiririka mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Alitangulia Ernesti, kijana wa Kilutheri kutoka milima ya Usambaa.

"Ng'ombe wenu wanauawa na kupe," alianza. Hata habari za jioni hakuuliza.

Ukumbi mzima ulishtuka. "Huyu hana kwao?" aliuliza Bi Mwatumu, kwa sauti iliyokusudiwa kusikika. "Hata hodi?"

"Msamehe, Bi Mwatumu," alisema jirani yake Semeni. "Huko kwao kuna baridi. Wakifungua kinywa sana upepo unaingia."

Ernesti alieleza kupe hujificha wapi na ng'ombe waogeshwe vipi, akashuka muda ukiwa umebaki. Alipigiwa makofi machache, ya kumpa pole.

Ndipo akapanda Uweso, kanzu imenyooshwa kwa pasi hata ingeweza kusimama bila yeye. Akatoa salamu. Akamhimidi Mola, akamswalia Mtume, na kwa kuwa Wakristo walikuwapo, akawaombea na wao baraka. Akamtaja Liwali. Akamtaja Bwana Elimu na mkewe ambaye hakuja. Akawataja majumbe, maimamu, mapadri, walimu, na vyama viwili vya ngoma vilivyochukiana, akivipanga kwa namna ambayo kila kimoja kilijiona kimetangulia. Akawaomba radhi wazee kwa kusimama ilhali wao wameketi. Watu walitikisa vichwa kwa raha. Kisha akavuta pumzi, akasema, "Ama baadu," neno la mahatibu, ambalo baada yake ndipo hotuba huingia katika jambo lenyewe.

Kengele ikalia.

Bwana Elimu hakuwa mtu mbaya. "Nakuongezea dakika moja, Bwana Uweso," alisema. "Niambie tu, vidaka vinaanguka kwa nini?"

Ukumbi ulitulia. Uweso alifungua kinywa.

"Na sie wa Mtang'ata?" iliuliza sauti ya mzee mmoja kutoka nyuma. "Au hatukuja?"

Uweso alimtazama Bwana Elimu, kisha akamtazama shangazi yake. Bi Mwatumu alipandisha nyusi, kidogo tu. Safari yote ya Uingereza ilipita chini ya nyusi zile, na haikutokea upande wa pili.

"Wazee wangu wa Mtang'ata," alisema Uweso, "nimekosa, na aliyekosa hana budi kuomba radhi." Akaomba radhi dakika nzima.

Vigelegele vililipuka. Watu walitoka wakisema Tanga haijapata kusikia msomi kama yule. Ernesti akapelekwa Uingereza.

"Wamekuonea," alisema Bi Mwatumu walipofika nyumbani. "Umesema vizuri mno."

"Sikusema kitu, shangazi."

"Ndiyo maana yangu! Mtu asiseme kitu, na watu wampigie vigelegele! Usomi gani tena unautaka?"

Wenye mashamba walimfuata barazani, wakamwomba awaambie basi hapo hapo, kwa kahawa. Alikataa. Jambo kubwa, alisema, lina mlango wake, yeye halipitishi dirishani. Alitaka ukumbi, na viti, na wageni wa kutajwa. Hakuna aliyemwandalia. Badala yake zilikuja harusi. Akawa mkaribishaji wa wageni asiye na mfano wake, Bwana Ama Baadu, aliyegombewa na wenye shughuli mpaka Pangani. Wenye minazi walikaa mbele yake, wakasalimiwa kwa majina yao na ya baba zao, kisha wakarudi shamba kuokota vidaka. Hawakumlaumu. Ni vigumu kumlaumu mtu aliyekutaja.

Mji wetu una watu wengi wa namna hii. Tunawalea wenyewe, na wakishaiva tunawala kwa heshima zote.

Miaka mingi baadaye, Semeni alimuuliza tena habari za minazi. Uweso alimuuliza kwanza hali ya wajukuu, mmoja mmoja. Kisha akasema amesahau.

Sasa Uweso anaishi Muheza kwa binti yake Sabiha, nyuma ya soko la machungwa.