Siku Yustina Alipokuwa Trekta

Harufu ya dizeli ilinifikia mwanangu akiwa ananyonya. Umeme wa Sumbawanga ulikuwa umekatika kama kawaida yake, jenereta la ofisi tuliyokuwa tukifundishwa kompyuta limewashwa, na mkufunzi wetu alikuwa ametoka kuniambia mbele za watu, "Mama, wewe kalee kwanza. Haya mambo yanataka kichwa kilichotulia." Jamani, nilichemka! Lakini ile harufu ilikwishanirudisha utotoni, kijijini kwetu Mpui, msimu ule trekta lilipoletwa kulima shamba la kijiji.

Watoto tulilifuata kutwa kama vifaranga. Dereva wake, Baba Kasiani, alipochoka nasi akatutungia mchezo. Mmoja awe trekta, afungwe kitambaa machoni. Mwingine awe dereva. Maagizo yote yatolewe kabla ya kuondoka, maana injini ikishanguruma trekta halisikii mtu. Ambaye trekta lake lingemaliza "kulima" kile kipande cha kando ya zizi, mstari kwa mstari, angepanda naye trekta la kweli. Nilikitaka kiti kile kuliko gauni la Krismasi.

Akaanza Deusi, mtoto wa mwenyekiti. "Wasichana watapanda tela," alisema. Akamwagiza Gaudensi: "Nenda, ukifika mwisho geuka." Gaudensi akaenda, akaupita mwisho, akatumbukia kwenye shimo la samadi.

"Mwisho upi sasa?" alilia.

Deusi akamzaba kofi. "Trekta bovu!"

Mama yangu alizoea kusema, ukimtuma mtoto nusu, atakuletea nusu. Basi nikamwambia rafiki yangu Yustina: "Nenda moja kwa moja. Mguu ukigusa nyasi, sogea hatua moja kushoto, geuka urudi. Rudia hivyo hivyo mpaka uguse ua wa zizi, hapo simama."

Akaenda, akarudi, akaenda tena, akawa anakanyaga mistari ile ile miwili! Kushoto kwa kurudi kulimrejesha alikotoka. Wavulana walicheka mpaka wakakaa chini. "Limekwama hilo, dada! Litie maji!"

Machozi ya hasira yalinilenga. Lakini Yustina alikuwa amefanya nilichosema.

"Baba Kasiani, agizo ndilo bovu, si trekta. Naomba nirekebishe."

"Rekebisha, mwanangu."

Wakati wa kwenda, kushoto. Wakati wa kurudi, kulia. Yustina akakimaliza kipande chote, akagusa ua, akasimama wima kama askari. Nikapanda! Deusi alitukimbiza kwenye vumbi, nami nikampungia mkono kama mbunge.

Siku ile ya jenereta tulitakiwa kuiagiza kompyuta ihesabu hadi kumi, ikome. Yangu ikahesabu bila kukoma. Za wenzangu pia, nao wakazigonga: "Mashine mbovu hizi!" Mimi nikasoma upya nilichoandika. Sikuwa nimeionyesha ua wa zizi ulipo. Nikaongeza mstari mmoja, ikafika kumi, ikatulia. Nikamhamishia mtoto kwenye titi la pili, nikamtazama mkufunzi mpaka akainamisha macho.

Utotoni nilidhani nilishinda kwa kujua kushoto na kulia. Wapi! Nilishinda kwa sababu sikumzaba Yustina kofi.