Mchunga Mbuzi Aliyeletewa Posa

Mtaani walimwita Sindano, na si kwa wembamba tu. Alikuwa fundi cherehani wa magauni, ulimi wake unachoma, na kazi yake ilikuwa safi kiasi kwamba wateja wakiingia dukani kwa shangazi yake walimpita shangazi mwenyewe kama wanaruka kiti, wakiuliza Sindano yuko wapi.

Shangazi alivumilia weee, mpaka siku bibi harusi mmoja alipomwomba yeye, mwenye duka, asogee kidogo ili Sindano apate mwanga. Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Jioni hiyohiyo Sindano alikuwa barabarani na kifurushi chake, ameambiwa asikanyage tena mtaa ule.

Kilichomuuma si duka. Ni dobi. Dobi alikuwa jirani yao, kijana mrefu kama mlingoti, mwenye haya mpaka masikio yanabadilika rangi. Kila mara alileta shati lake mwenyewe, limekatika kifungo. Anasimama mlangoni, anameza mate, anasema "kifungo," anaondoka mbio. Sindano aliona wazi kwamba nyuzi zile zilikuwa zimekatwa kwa wembe. Alikuwa anasubiri neno la pili, na sasa amefukuzwa kabla halijatoka.

Nje ya mji alikuwepo mzee wa mbuzi wa maziwa aliyetafuta mchungaji, lakini hakutaka msichana hata wa dawa. Wote aliowaajiri waliolewa, wakamwachia mbuzi na maumivu ya mgongo. Basi Sindano akakata nywele, akajishonea suruali na shati pana kwa mkono, akavaa kofia, akaikaza sauti na kujitambulisha kama kijana anayetafuta kazi. Mzee alimuuliza swali moja tu, kama ana mpango wowote wa ndoa. Akasema hana. Akapewa fimbo.

Uanaume aliuchukulia kwa bidii. Alitema mate mbali, alikaa ameachanisha miguu kama anapigwa picha, alikohoa bila sababu yoyote. Mbuzi ndio hawakudanganyika. Walimlia ukingo wa kofia mbele ya macho yake.

Siku moja nani akatokea kuja kuchukua mashuka ya mzee? Dobi. Sindano akaishusha kofia hadi kwenye nyusi. Dobi alimtazama kuanzia kofia kwenda chini, macho yakamganda kidogo kwenye shati, kisha akakaa juu ya jiwe na kuanza kujieleza bila kuulizwa. Yeye anamtafuta fundi cherehani mmoja, alisema, na shida yake ni kwamba akimpata hatajua aseme nini.

Sindano alitaka kuvua kofia palepale. Lakini neno la pili alikuwa na hamu nalo kupita kiasi.

"Fanya mazoezi, kaka," akamwambia kwa besi. "Huyu hapa ndiye fundi wako. Mwambie."

Akamsukumia mbuzi wa pembe moja, mwenye ndevu.

Mara ya kwanza dobi alimtazama mbuzi machoni, akasema "kifungo," na mbuzi akala upindo wa shati lake. Lakini alirudi, akarudi tena. Pole pole maneno yakaanza kuja. Alimwambia mbuzi kwamba alikuwa akipiga pasi kwa kufuata mlio wa cherehani yake, na siku ulipokatika alisimama kama mjinga hadi akaunguza kola ya mtu. Sindano aligeuka pembeni akakohoa sana, safari hii kwa sababu.

Ila kila dobi alivyozidi kufunguka, ndivyo kofia ilivyozidi kuwa ngumu kuvua. Mtu anayeona haya kwa neno kifungo, akijua yote haya aliyamwaga mbele ya mwenyewe, si atahama nchi? Sindano akakosa raha. Akawa anakamua vibaya hata mbuzi wanamgeukia kumshangaa.

Asubuhi moja dobi akaja amenyooka, shati lina mistari ya pasi. Akampita Sindano na ndoo yake, akaenda moja kwa moja barazani.

"Mzee, nimekuja kumposa mchunga mbuzi wako."

Maziwa yalimpalia mzee. "Huyu wa suruali?"

"Huyohuyo."

Ndoo ikaanguka. Sindano akasahau besi yake yote. "Umejua lini?"

"Siku ya kwanza. Vifungo vyako viko kushoto. Mimi napiga pasi nguo kutwa. Mashati ya kiume vifungo viko kulia."

Sindano akainama kujitazama kifua. Miaka yote alishona nguo za kike, na mikono ilijiendea yenyewe.

"Mbona hukusema?"

"Kwa mbuzi nilikuwa naweza. Kwako nilikuwa sijaweza."

Sindano akavua kofia iliyoliwa. "Haya, sema."

Dobi akameza mate, masikio yakawaka. "Kifungo," akasema. Kisha, bila msaada wa mbuzi yeyote, "Nakupenda."

Kwa kuwa mtaani Sindano hakanyagi, dobi ndiye aliyehamisha pasi zake kando ya zizi, na sasa mabibi harusi hukanyaga mavi ya mbuzi kwenda kupimwa magauni. Mzee anatafuta mchungaji mpya. Akija kijana, haulizwi jina. Anaambiwa ageuke kwenye mwanga, mzee akague vifungo kwanza.