Shimo kwenye Bustani ya Mkuu

Kabati la vioo la shangazi yangu halina vikombe vya wageni. Lina udongo: mchanga, mfinyanzi, tifutifu, na ule mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, kila mmoja kwenye chupa yake ya jemu. Mumewe, fundi cherehani, huwaambia wageni, "Chai ipo, jamani, ila msishike chupa bila kuuliza. Mimi nilishawahi kukoroga moja nikidhani kahawa."

Shangazi alifundisha mekanika ya udongo, yaani jinsi ardhi inavyobeba majengo, chuoni tangu sijazaliwa. Wanafunzi tulimwita Mama Tope, naye akaitika. Masomo mengine ya uhandisi ujenzi yana wapenzi wake. Nadharia ya miundo ina hesabu za kutoa jasho, hidroliki ina pampu zake, upimaji una darubini ambayo kila mtu anataka kupiga nayo picha. Nani apige picha na tope?

"Hili ndilo somo la chini kabisa," alituambia siku ya kwanza. "Na yote mengine yamelikalia. Toeni viganja." Akapita akitukagua kama mama anavyokagua mikono ya watoto kabla ya kula, ila yeye alikasirika alipoikuta misafi.

Ikabaki misafi. Muhula ule tulikuta maabara ya udongo imegeuzwa ukumbi wa kukodisha. Mapazia ya dhahabu, viti vimevalishwa magauni. Mashine za kupimia zilitupwa barazani, zinanyeshewa, na saa zetu za vitendo kwenye ratiba ziliandikwa "Ujasiriamali". Shangazi alipanda ngazi za ofisi ya Mkuu wa chuo mpaka katibu akawa anamwona tu na kutikisa kichwa.

Mwisho wa muhula Mkuu mwenyewe akamsimamisha mlangoni mwa darasa letu, sote tukisikia.

"Mama, alama za vitendo bado sijaziona."

"Vitendo gani, Mkuu? Maabara ina mapambo ya harusi."

"Vijana wako unawajua. Kadiria tu."

"Nikadirie? Na nguzo za hosteli mnayotaka kujenga pale bustanini, nazo mtakadiria?"

"Usichanganye mambo. Ijumaa alama ziwe mezani kwangu. La sivyo utatueleza kwa nini unawazuia watoto wa watu kuhitimu, na utatueleza ukiwa nje ya geti."

Mnaona ujanja huo? Yeye ndiye aliyetunyang'anya maabara, lakini adui yetu sasa akawa Mama Tope.

Mheshimiwa, kiongozi wetu wa darasa, alimsogelea akiwa ameunganisha viganja. "Mama, tuonee huruma. Andika chochote. Hata sabini sabini."

"Sabini ya nini?"

"Ya... mahudhurio ya moyo."

Darasa likacheka. Shangazi hakucheka. "Kesho njooni na nguo za kazi."

Asubuhi tulimkuta katikati ya bustani mbele ya jengo la utawala, kashika sururu, chini ya bango kubwa lenye mchoro wa hosteli na wasichana wanaotabasamu madirishani.

"Mama," Mheshimiwa akanong'ona, "kibao kinasema usikanyage majani."

"Nani anakanyaga? Tunayaondoa."

Tukachimba. Juu palikuwa na udongo mwekundu mzuri wa kuvutia macho, unaofika mapajani. Chini yake sururu ikazama kama inachoma godoro. Tukatoa mifuko ya plastiki, soli za kandambili, chupa, matambara, na harufu iliyotufanya tuzibe pua. Lilikuwa jalala. Mtu alilimwagia udongo, akapanda majani, akaweka kibao.

Hakuna aliyetania tena. Shangazi, mwanamke wa makamo, alifunga kanga kiunoni akashuka shimoni. Akatugawia udongo wa juu, akatufundisha kuuviringisha juu ya kipande cha kioo mpaka uwe uzi mwembamba unaoanza kukatika, tujue kinamo chake, yaani unavyofinyangika kabla ya kukatika. Mmoja mmoja, na kila mmoja alieleza alichokiona ukutani mwa shimo. Mheshimiwa alitia maji mengi, uzi wake ukawa uji. Akapata arobaini.

Ndipo Mkuu akafika, tai imeruka begani.

"Nani kawaruhusu?"

"Ulitaka alama. Ndiyo hizi zinatafutwa."

"Fukieni! Mhandisi mshauri alishaupitisha uwanja huu."

"Alichimba wapi?"

Mkuu akatazama bango.

"Nimeuliza, mkubwa, alichimba wapi? Watoto wa watu watalala juu ya jalala!"

Alichomjibu ni kuwaita walinzi.

Ijumaa shangazi alipeleka alama kama alivyoagizwa. Zikakataliwa, eti vitendo havikuwa na kibali! Mtu yule yule aliyetaka alama za kazi isiyofanyika alizitupa za kazi iliyofanyika. Sote tukaandikiwa sabini. Shangazi akafukuzwa kwa kuharibu mali ya chuo, mali yenyewe ikiwa ni majani.

Tulikwenda ofisini na nguo zetu za tope. Mheshimiwa akatangulia.

"Futeni sabini yangu. Nirudishieni arobaini ya Mama."

"Mmelogwa?" Mkuu akauliza, akafunga mlango.

Shimo lilifukiwa haraka haraka, bila kushindiliwa, kisha majani yakatandikwa juu. Mvua ya kwanza tu, pakatitia, umbo lile lile la mraba. Mkuu akaweka hapo chungu kikubwa cha maua. Sasa chungu kimeinama kama mlevi mbele ya ofisi yake, na pembeni vigingi vya hosteli vimeshapigwa.

Kesho wazazi wanaleta chuoni mabinti zao, hao watakaolazwa kwenye hosteli hiyo. Jana nilimkuta shangazi amefungua kabati, anafuta vumbi kwenye chupa mpya yenye tope jeusi na kipande cha kandambili.

"Hiyo hata mimi sikorogi," mumewe akasema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Unaipeleka wapi?"

"Getini."

"Watakufukuza."

"Walishanifukuza. Nishonee mfuko wa kuibebea, imara, nitakuwa nimesimama siku nzima."

Akaacha gauni la mteja, akachukua kitambaa kigumu kuliko vyote alivyokuwa navyo. Mimi natafuta nguo zangu za tope.