Hadithi Niliyoisimulia Mchana

Juzi nilikuwa namsomea binti yangu hadithi, nikafika pale shujaa anapolifungia zimwi ndani ya nyumba na kuitia moto. Mtoto akaniuliza, "Mama, polisi hawakuja?" Nikacheka, halafu nikakifunga kitabu. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, kijijini kwetu Takaungu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa na miaka minane na pengo la meno mawili ya mbele.

Nilimuuliza bibi yangu. Baada ya isha tulikuwa tukikaa mkekani kuchambua mchele kwa mwanga wa kandili, naye akitusimulia. Katika hadithi zake sungura aliiba akasifiwa, na kikongwe mwenye macho mekundu, mla watoto, alichomwa ndani ya kibanda chake, kijiji kizima kikacheza ngoma. Hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote, sikufichi. Bibi hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Huko hadithini hakuna polisi wala kadhi, mjukuu wangu. Wana mambo yao. Ndiyo maana tukimaliza twafunga mlango."

Na kweli, kila alipomaliza alichovya vidole kwenye kata ya maji, akanyunyiza kizingitini, akasema, "Wa huko wabaki huko, wa hapa tukalale." Mchana hakusimulia kamwe, hata umlilie.

Mimi nikasimulia mchana. Ilikuwa saa ya mapumziko shuleni, mwalimu amekwenda kunywa chai, na kwa mara ya kwanza maishani wenzangu walikuwa wamenizunguka mimi. Sikutaka waondoke. Nilipoona wanaanza kuchoka, nikampa yule kikongwe makao. Anakaa nyuma ya kisima, nikasema, na anauza mbaazi.

Muuza mbaazi kila mtu alimjua. Alikuwa jirani yetu, mjane, aliyeamka alfajiri kukuna nazi na kupuliza kuni mbichi, na moshi ulikuwa umemharibu macho. Iliki ya mahamri yake tuliinusa tukiwa bado kitandani. Mimi alinipa lile lililovimba zaidi, bure, kwa sababu ya pengo langu. Kengele ikalia nimeshafika anapochomwa lakini sijafunga mlango, tukakimbilia darasani.

Kesho yake watoto hawakununua kwake. Keshokutwa walipita mlangoni pake mbio wameziba pua. Wiki haikuisha, wakubwa nao wakaanza kuagiza mkate dukani, na hakuna aliyesema kwa nini. Mbaazi zilichacha sufuriani. Mimi nilijua kwa nini, na nilinyamaza.

Kisha alasiri moja nikakuta makuti makavu yamepangwa ukutani mwa kibanda chake. Wenzangu watano walikuwa wamesimama hapo, mmoja ana kiberiti, wanacheka. Walikuwa wananingoja mimi mwenye hadithi. Nikawaambia ni hadithi tu. "Lakini ulisema anachomwa," akasema mwenye kiberiti, na hakuwa na ubaya wowote usoni.

Nilimkimbilia bibi. Alikuja bila hata kujitanda kanga kichwani, akachukua kile kiberiti, akayaondoa makuti moja moja kwa mikono yake. Hakumpiga mtu. Jirani alikuwa ndani muda wote ule, mlango umerudishwa, na alisikia kila neno.

Alihamia Adu kwa mwanawe kabla mwezi haujaandama. Asubuhi ya kuondoka aliniita. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa hamri la mwisho likiwa bado moto. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, katika hadithi yako, niliungua?"

Nikamwambia hapana. Nilidanganya.

Bibi hakutusimulia tena baada ya hapo. Tulichambua mchele kimya, na siku hizi tunanunua uliokwisha kuchambuliwa. Kisima kimefukiwa, na pale palipokuwa na kibanda pana duka la kuchaji simu. Nikipita hapo natafuta harufu ya iliki, najua ni upumbavu.

Binti yangu alipolala nilichovya vidole kwenye glasi yake ya maji, nikanyunyiza kizingitini. Maneno ya bibi yalinishinda katikati. Nilimpeleka huko mtu wa hapa, na bibi hakunifundisha namna ya kumrudisha.