Mtamba wa Mama na Chanjo ya Mapele Ngozi

Baba alipofariki, baba zangu wadogo waliwachukua ng'ombe wote bandani, wakamwachia mama ndama mmoja jike, mgonjwa, wakidhani hatapona. Mama akamlea mpaka akawa mtamba, akabeba mimba. Huyo ndiye alikuwa mali yake mwenyewe, isiyo na mkono wa mtu.

"Akizaa huyu," aliniambia, "nitakuwa na mimi nina kwangu."

Kisha mapele ngozi yakaingia vijiji vya chini, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na nzi wanaouma. Mzee wa kanisa akatangaza baada ya ibada kwamba Jumamosi bwana mifugo atapita nyumba kwa nyumba kuchanja.

Jumamosi hiyo jioni nilipanda mlimani kutoka Moshono ninakoishi, nikamkuta mama anamenya ndizi, ametulia kabisa. Nikamwamkia, nikamuuliza kama mtamba amechanjwa.

"Wewe naye! Ng'ombe mwenye mimba anaonyeshwa wageni?"

Kwetu wazee wanaamini hivyo, kwamba jicho la mtu huharibu mimba. Alikuwa amemwingiza chumba cha ndani, akaziba mlango kwa majani makavu ya migomba. Bwana mifugo alipouliza kama ana ng'ombe, mama yangu, mwimbaji wa kwaya ya akina mama, akamjibu hana.

Jamani, nilikasirika! Nikamwambia nzi hawapigi hodi. Akanijibu kwamba ng'ombe wake haendi malishoni, analetewa majani ndani, hao nzi watamjulia wapi? Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu mwenyewe asiposikia je, hapo wamenyamaza. Nikampigia simu bwana mifugo. Chanjo ilikuwa imeisha, akaniambia tusubiri nyingine.

Haikuwahi. Mtamba alitoka mapele shingoni, yakaenea mwili mzima, akaacha kula. Mimba ikatoka. Kesho yake naye akafa.

Majirani walichimba shimo kwenye migomba, wakamfukia pamoja na ndama wake. Walimpa mama pole kama wanavyompa mfiwa, wakaondoka. Mama akabaki amekaa kwenye udongo ule mbichi, hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, kwa uchungu na kwa hasira.

"Nilimficha watu wasimwone," akasema, "nzi wakamwona."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, na yote yalikuwa ya kweli. Nikakaa chini karibu naye.