Mkanda Wangu Kwenye Kiti cha Elie

Waliokuwepo wameshasimulia, na wasiokuwepo wamesimulia zaidi yao, kwa hiyo bora niseme mwenyewe kwa mdomo wangu: ndiyo, yule mzee mliyemwona kwenye simu za watoto wenu, aliyesimama mbele ya uwanja mzima suruali ikiwa miguuni, ni mimi. Papa Kalenga. Mwenye duka. Chekeni kwanza, nitawangoja.

Bon. Mnanijua, mimi si mtu wa kuchekwa ovyo. Shule niliiacha darasa la tatu kule Lubumbashi, nikasukuma mkokoteni, nikafika hapa Bruxelles, Ubelgiji, nikaosha sahani, halafu nikaosha ofisi za watu waliosoma (wanachafua sawasawa na wasiosoma, msidanganyike), na leo nina duka langu la vyakula nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles, mtaani kwetu Matonge, unga wa muhogo, samaki wakavu, mafuta ya mawese, njoo ujionee. Nikitoka kituo cha Porte de Namur nimevaa suti yangu, hata vijana wanaokaa pale kwa vinyozi wanashusha sauti ya muziki. Na kwenye sherehe zetu, harusi, ubatizo, matanga, ukoo wetu haujawahi kusimama. Kwa nini? Kwa sababu mimi hufika wa kwanza na kuwashikia viti. Kofia hapa, koti pale, na mtu akija kuuliza namtazama tu mpaka anaenda. Kwetu, anayefika kwanza ndiye askari wa ukoo, na akiachia kiti cha ndugu yake watamwimbia jambo hilo mpaka kaburini.

Sasa, mjukuu wangu Keren. Ana miaka minane, na kuna kitu kimoja tu anachokitaka duniani: kule kwenye parki ya michezo, nje ya mji, kuna maonyesho ya sili, yule mnyama mweusi wa maji mwenye masharubu anayepiga makofi kama binadamu, na kila mara mtangazaji huchagua mtoto mmoja amrushie mpira. Huchagua kwenye mstari wa mbele tu. Mwaka uliotangulia baba yake, mwanangu Trésor, alichelewa (Trésor alichelewa hata kuzaliwa), wakakaa juu kabisa, mtoto akarudi nyumbani analia kwenye basi njia nzima. Nikamwambia, "Keren, mwaka huu utaenda na koko wako, babu yako mwenyewe. Utakaa mbele mpaka sili akutemee mate." Nilimpa neno langu, na neno langu ndilo diploma yangu.

Kabla hatujatoka, kuna jambo dogo lazima mlijue. Daktari alikuwa amenikataza sukari, na mimi kwa hasira nikapunguza hata fufu, ugali wetu wa muhogo, nikakonda, suruali zangu zote zikawa kama za mtu mwingine. Fundi aliniambia, "Lete nizikate, papa." Nikamjibu kitambaa kama kile hakikatwi, mwili utarudi. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa inafanywa na mkanda.

Tukaenda watu wanane: mimi, Keren, Trésor, mke wake Nadine, mtoto wao Elie wa miezi tisa, mama yake Nadine, na wadogo zake Nadine wawili. Tulipokaribia uwanja wa sili, Elie akachafua nepi mpaka mgongoni, mama yake Nadine akataka frite za viazi, wale wadogo wakataka choo. Nikasema, "Alors, ninyi malizeni mambo yenu. Mimi na Keren tunaenda kuwashikia viti, mstari wa mbele, wote."

Nadine akanitazama. Huyu amezaliwa hapahapa, ni binti mzuri, ila anajua sana desturi za hawa watu.

"Papa, huku batu habashikiane viti mingi vile. Moja, mbili, ça va. Sita ni mingi."

"Nadine, mimi nilishikia ukoo wangu viti mbele ya wewe kuzaliwa."

"Bon, papa. Miye nilisema."

Tukaingia, mstari wa mbele karibu wote mtupu, viti vya buluu vinang'aa. Nikamkalisha Keren katikati, nikakaa pembeni yake, nikaweka kofia yangu kwenye kiti cha tatu. Hapo ndipo ningeishia, ningekuwa mtu mwenye heshima hadi leo. Lakini nikaona kofia imekaa vizuri, imetulia, hakuna aliyeigusa, nikaweka koti kwenye cha nne na mwavuli kwenye cha tano. Watu wakaanza kuingia kama maji. Kiatu cha kulia, kiti cha sita. Kiatu cha kushoto, cha saba. (Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba kikatoka kuangalia sili. Mimi, ninayeogopwa na vinyozi!) Kikabaki kiti cha nane, cha Elie. Nikaweka leso, upepo ukaibeba ikaangukia majini. Nikatafuta mifukoni, hamna kitu, begi la Keren tulikuwa tumeliacha kwenye kigari cha mtoto. Nikavuta mkanda, nikaulaza pale, umenyooka, ukoo wangu umekamilika. Nikakaa nimebana suruali kwa makalio na kuona nimeshinda.

Akaja mama mmoja Mzungu na mtoto wa kiume, mkono mmoja uliovunjika umefungwa plasta ngumu ya kijani. Akaniuliza kwa adabu, kwa Kifaransa, kama kile kiti cha mwisho kina mtu.

"Kina mtu," nikamwambia.

"Mtu mzima?"

"Wa miezi tisa."

Akakunja uso kidogo. "Lakini bwana, mtoto wa miezi tisa si anapakatwa?"

Nami kwa kiburi changu nikamjibu, "Mama, kwetu hata mtoto ana kiti chake." (Uongo mtupu. Kwetu mtoto wa miezi tisa yuko mgongoni.) Yule mama hakubishana. Akamshika mwanawe, wakaenda kusimama kwenye ngazi, na yule mtoto akabaki anautazama mkanda wangu kama mtu anayemtazama mpangaji asiyelipa.

Keren akanivuta. "Koko, ule mutoto iko na mukono mbaya."

"Nyamaza, sili anakuja."

Akaja binti mfanyakazi wa pale, mwenye sare, akasema kwao kiti kisicho na mtu maonyesho yakikaribia ni cha yeyote. Nikamwambia kiti chenye kitu si kitupu. Akasema viatu si watu. Nikamuuliza hivyo viatu vimetembea peke yao mpaka hapa? Watu wa nyuma wakaanza kunung'unika, mzee mmoja akapiga mluzi, na simu ikalia ndani ya koti, kule kiti cha nne, ikabidi nijinyooshe juu ya kofia bila kuinuka, maana mnajua kwa nini sikuweza kuinuka.

"Trésor, muko wapi?"

"Papa, tuko tunakuja, dakika mbili. Frite iko na foleni."

Dakika mbili za Trésor! Nikasikia kwa masikio yangu lango linafungwa nyuma yetu. Muziki ukapigwa. Na pale, mbele ya uwanja uliojaa hadi ngazini, kulikuwa na viti sita vitupu, mstari wa mbele, vyenye nguo za mwanamume mmoja.

Mtangazaji, kijana mwenye kipaza sauti, akatuona mara moja. Akasema, "Naona leo tuna bwana aliyekuja na kabati lake!" Uwanja wote ukacheka, na televisheni kubwa iliyokuwa juu ya uwanja ikaonyesha kofia, koti, mwavuli, kiatu, kiatu, mkanda, halafu kidole changu gumba. Nikashusha macho. Keren hakucheka. Alikuwa amekaa wima kama mshumaa, mikono magotini, anamtazama sili tu, na midomo yake inasema kimyakimya, "Mimi, mimi, mimi."

Na kijana akamchagua. "Binti mwenye fulana ya njano! Aje pamoja na babu yake mwenye kabati!"

Keren akaruka. "Koko, twende! Twende, atachagua mwingine!"

Niliangalia mkanda, uko kiti cha nane, mwisho kabisa, na mtoto ananivuta upande wa pili. Nikatia mkono wa kushoto mfukoni, nikakamata suruali kwa ndani, nikapanda jukwaani na soksi zangu, taratibu, kama waziri. Na ingeenda vizuri, wallahi, kwa mkono mmoja mtu anaweza kuishi. Ila kijana akampa Keren mpira, halafu akanipa mimi duara kubwa la plastiki akasema, "Babu ulinyanyue juu, mikono miwili, sili atapita katikati na binti atamrushia mpira."

Nikamnong'oneza, "Kijana, mshikishe mtu mwingine."

Naye akasema kwenye kipaza sauti, watu wote wasikie, "Babu anaogopa sili!"

Sikuogopa sili. Nililinyanyua duara kwa mkono mmoja, likalala upande. Sili akalitazama, akanitazama mimi, akakataa. Mara ya pili, akakataa. Kijana akaanza kumwangalia mtoto mwingine kule kwenye viti. Hapo Keren akageuka. Alinitazama kwa macho yaleyale aliyorudi nayo nyumbani mwaka uliopita, yameanza kujaa machozi.

Bon. Mimi nina miaka sabini. Nimeosha sahani za watu. Nikatoa mkono mfukoni, nikalinyanyua duara kwa mikono miwili, juu kabisa.

Suruali haikungoja. Ilishuka yote, mara moja, bila aibu, na uwanja mzima ukaona chupi yangu ndefu, zawadi ya Nadine ya mwaka mpya, nyeupe yenye pilipili nyekundu zilizochorwa kila mahali. Halafu sili akaruka, akapita katikati ya duara kama mkuki, Keren akarusha mpira, sili akaudaka puani, akatua, akanitazama kutoka juu hadi chini, na akajifunika uso kwa pezi lake. Wanasema amefundishwa hivyo, anafanya kwa kila mtu. Mimi nilikuwepo. Yule mnyama aliona haya.

Kelele zilizopigwa pale sijawahi kuzisikia hata siku timu yetu ilipochukua kombe. Na mimi bado nimenyanyua mikono, sijui niishushe au niiache, ndipo nikahisi kitu kinanigusa kiwiko. Yule mtoto wa plasta. Amepanda jukwaani peke yake, na kwa ule mkono wake mzima ananipa mkanda wangu.

"Bwana," akasema, "mtoto wako wa miezi tisa hajafika bado."

Niliporudi, viti vyote sita nilivyoshikia vilikuwa vimejaa watu. Mali yangu imekunjwa vizuri, koti juu ya viatu, kofia juu ya koti, kwenye kiti kimoja tu, changu. Mama yake yule mtoto alikuwa amesimama palepale kwenye ngazi. Hakujipa kiti hata baada ya yote yale, alikuwa anangoja niseme. Nikamwonyesha kile cha pembeni yangu, kilichokuwa cha Keren. Akakaa, akampakata mwanawe. Nami nikampakata Keren, vitu vyangu vyote chini ya miguu, na hivyo ndivyo tulivyomaliza kutazama: watu wanne, viti viwili, na hakuna aliyebanwa.

"Mama," nikamwambia, "nilikukosea."

"Ndiyo," akasema. Hakusema si kitu. Nikampenda kwa hilo. Halafu akafungua mfuko akatupa biskuti.

Nje nilidhani nimepona, kumbe nje nako kuna televisheni kwa ajili ya waliofungiwa. Trésor alikuwa amekaa chini kwenye lami, analia kwa kicheko, frite zimemwagika. Mama yake Nadine alikuwa amegeukia ukuta kwa heshima, lakini mabega yanacheza. Nadine peke yake alikuwa na uso wa kawaida, amempakata Elie aliyelala fofofo.

"Papa," akasema, "ile caleçon iko inakutosha muzuri."

Keren akawapita wote na kumwambia baba yake, "Ulimuona koko? Alinyanyua! Mikono yote mbili!" Na mpaka leo ndivyo anavyosimulia. Kwenye hadithi yake suruali haimo kabisa.

Matonge, suruali imo. Jumatatu nilipofungua duka vinyozi walikuwa wananingoja, wote wamenyanyua mikono. Wananiita Papa Mikono Juu. Wateja wanaingia kuuliza kama pilipili zimebaki. Nimepeleka suruali zote kwa fundi, akazikata, kitambaa hakikulalamika.

Juzi tulikuwa na harusi, ukumbi uleule wa siku zote. Nikafika wa kwanza, mazoea hayaishi. Nikakaa. Kofia kichwani, koti mwilini, viatu miguuni. Akaja mama mmoja nisiyemjua, amevaa vizuri, akaonyesha kiti cha pembeni yangu.

"Papa, hapa kuna mutu?"

Nilimfikiria Trésor, ambaye alikuwa anakuja, dakika mbili. Mkono wangu ukaenda wenyewe kiunoni, ukaukuta mkanda upo, umefungwa tundu la mwisho.

"Hakuna, mama," nikamwambia. "Kaa."

Trésor alisimama mpaka keki ilipokatwa.