Nesi Anasoma

Benedicta ana tabia moja inayoniudhi mpaka leo: akikaa chini, analala. Mpe kiti, mpe mkeka, mpe ndoo iliyopinduliwa, hamalizi sentensi. Mara nyingi nimemsimulia umbea mzuri wa shuleni, nikifika pale patamu namkuta kidevu kimeangukia kifuani. Zamani nilikuwa namwamsha. Siku hizi namwacha, nakula na mihogo yake.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika kijiji kimoja cha kaskazini ya Mafia, ukishapita Kirongwe na kabla hujafika Bweni. Jina langu Goodness, kwetu Rombo. Benedicta ni muuguzi mkunga wa zahanati, kwao Ngara, ambako ukitaja bahari watu wanadhani unasema ziwa. Tulipangiwa nyumba moja yenye bati linalovuja, tukawa ndugu kwa lazima kwanza, kwa hiari baadaye.

Hakuletwa huku kwa adhabu, ingawa wengi walidhani hivyo. Alikuwa wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya kule Kilindoni, ana shahada yake ya kwanza na kitanda chenye godoro zima. Kilichomtoa ni watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Wa kaskazini walikuwa wakimfikia wamepoa, wamepakatwa kwenye pikipiki juu ya barabara ambayo hata mtu mzima mwenye afya anashuka akijishika kiuno. Anawapokea, anawafunika, wanakufa. Akachoka kuwapokea, akaona afadhali awafuate wanakozaliwa. Akaomba mwenyewe kuhamia kijijini, na wakubwa wake wakamtazama kama mtu aliyeomba kupunguziwa mshahara.

Huku alifanya alichoweza. Aliwafundisha wanawake kumweka mtoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kanga kutwa kucha, huduma ambayo wauguzi wanaiita kangaruu. Wengine walipona. Lakini yule asiyeweza kunyonya, au anayesahau kupumua, anataka chumba chake, vifaa vyake, na mtu aliyesomea. Benedicta akaomba chumba hicho kijengwe huku. Akajibiwa kwamba chumba hupelekwa penye mtaalamu, na mtaalamu ni mwenye shahada ya uzamili.

"Basi nitakuwa mimi," akaniambia, na papo hapo akasinzia.

Akajiunga na chuo kimoja cha Dar es Salaam, uzamili wa uuguzi wa mama, mtoto na kichanga. Masomo yalikuwa kwa mtandao, na mara mojamoja alivuka bahari kwenda kufanya mazoezi. Kazi hakuacha. Asubuhi anapima wajawazito, anachanja watoto, anasafisha vidonda vya wavuvi waliochomwa na nyenga, samaki mwenye mwiba mkiani. Tabibu aliyepaswa kusaidiana naye alikuwa haishi semina. Alasiri, zahanati ikitulia, anafungua kompyuta na kuvaa visikilizio, anaanza darasa, na mara nyingi usiku unamkuta papo hapo. Mtandao wenyewe ulikuwa unashika mahali pamoja tu, pembe ya baraza la zahanati, ile inayotazama njia ya kisimani. Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kikimwona ameinama, mdomo unachezacheza, macho mekundu.

Wanawake wakaanza kuniuliza mimi, maana yeye walimwonea haya. Siku moja Bi Mwanasiti, mama mmoja mwenye wajukuu wengi na sauti ya kusikika ng'ambo, alinisimamisha njiani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nambie, dada nesi anasomea nini pale kila siku?"

Nikamweleza: anasomea watoto wachanga, hasa hawa wanaozaliwa kabla ya miezi yao. Akimaliza huenda tukapata chumba chao hapa hapa, wasipelekwe tena Kilindoni. Bi Mwanasiti akatua ndoo yake.

"Tangu hifadhi hii ya bahari ije," akasema, "wamekuja watu kusomea kasa. Wamekuja kusomea matumbawe. Papa potwe ndiyo usiseme, anasomewa mpaka anapigwa picha tumboni. Siye tumekaa tunatazama. Huyu ndiye wa kwanza kuja kusomea watoto wetu."

Alisema bila kucheka, akajitwika ndoo, akaenda zake. Baada ya siku chache nikaona mambo. Watoto wakipita zahanati alasiri wanafinywa masikio wanyamaze. Mbuzi wanafukuzwa mbali. Jirani aliyekuwa akitwanga nyuma ya zahanati alihamisha kinu chake. Huku ndivyo walivyolelewa tangu chuoni kwa maalimu, wakisoma Kurani: mtu akiwa anasoma humkatizi, humpigii hodi, unakaa kando mpaka afunge kitabu. Mimi ambaye kutwa nagombana na darasa la nne linyamaze nilifurahi, nikasema hawa watu wana adabu.

Wakati huo huo kitanda cha kujifungulia kikaanza kukaa kitupu.

Benedicta aliona kabla yangu. Aliwapima wajawazito, akawajua kwa majina na kwa miezi, kisha siku zao zikafika na wasitokee. Alikuja kuwaona arobaini ikishakwisha, wanaleta mtoto kuchanjwa, wamejifungulia nyumbani kwa bibi fulani. Akiwauliza kwa nini, wanatabasamu. "Uchungu ulinijia ghafla, dada." Wote ghafla. Watu wa pwani wakiamua kutokuambia jambo watakukaribisha, watakupa na kitu cha kula, na utaondoka hujui kitu.

Mkubwa wake alimpigia simu kutoka Kilindoni, akamuuliza kama ameenda huko kuzalisha au kutafuta vyeti. Alipofika nyumbani alikaa mlangoni na viatu vyake miguuni, na kwa mara ya kwanza alikaa bila kusinzia.

"Nasomea watoto ambao mama zao hawanitaki," akasema.

Nami nikachochea. Nikawaita wanawake wa kijiji wakaidi na wanafiki, nikamwambia aombe uhamisho, tuondoke wote. Alisikiliza tu. Uchovu wake wa kazi na wa kusoma nilikuwa nimeuzoea. Huu ulikuwa mwingine, na ulinitisha.

Kisha likaja la Kijakazi. Huyu ni mkwe wa Bi Mwanasiti, mke wa mwanawe Mfaume, na mimba ile ilikuwa ya kwanza. Benedicta alikuwa amemwambia wazi: wewe mwili wako mdogo na damu yako kidogo, ukisikia chochote, hata maumivu ya kiuno, njoo. Asubuhi moja Bi Mwanasiti akaja naye zahanati, anamshika mkono, na ndani ya kanga mna mtoto wa kiume amezaliwa usiku uliopita, miezi yake haijatimia. Mguu wake ulikuwa kama kidole changu cha kati. Alikuwa wa baridi.

Benedicta alimweka kifuani mwa mama yake, akawafunga pamoja, akapiga simu. Gari la wagonjwa lilikuwa safari nyingine, likachelewa kufika. Njia nzima alishikilia kipira cha kumpulizia hewa. Mtoto alikufa Kirongwe, gari likiwa limesimama kupisha ng'ombe.

Siku ya tatu tulikwenda kuhani. Kijakazi alikuwa ndani amejifunika, Bi Mwanasiti amekaa karibu na mlango. Benedicta alitoa pole, akakaa, na badala ya kunyamaza kama inavyotakiwa msibani, akauliza.

"Bibi, uchungu ulianza lini?"

"Mchana wa siku ile."

"Mchana nilikuwepo. Kwa nini hamkuja?"

Bi Mwanasiti akamtazama kwa mshangao. "Tulikuja, mwanangu. Tulikukuta unasoma."

Walikuja baada ya alasiri. Wakamkuta kwenye pembe yake, visikilizio masikioni, anawaeleza wenzake wa darasani jambo kwenye kompyuta. Siku hiyo ilikuwa zamu yake kufundisha, naikumbuka, alivaa na hereni. Wakakaa upande wa pili wa ukuta kungoja amalize. Kijakazi alikuwa akiuma ncha ya kanga asisikike. Jua lilipokaribia kuzama hajamaliza bado, wakaona warudi nyumbani, waje asubuhi, wasije wakamharibia. Na si wao tu. Wanawake wote waliokuwa wakijifungulia majumbani walikuwa wamefika barazani, wakamwona ameinama, wakageuza. Walikuwa wameambizana: nesi anasoma, anasomea watoto wetu, tuvumilie mpaka amalize.

"Tusamehe tulivyokusumbua kwa safari ile," Bi Mwanasiti akasema. "Tunajua imekukatisha masomo."

Benedicta aliinuka, akatafuta viatu vyake mlangoni. Tulirudi nyumbani. Mimi niliyewaita wanafiki nilitembea nyuma yake nikitazama visigino vyake.

Akaacha kusoma. Kompyuta aliifungia kwenye begi, begi akalisukuma uvunguni. Alasiri akawa anakaa kwenye pembe ileile mikono mitupu, ili apitaye yeyote amwone kwamba hasomi. Akisinzia anashtuka, anafungua macho kwa nguvu. Niliona wanawake wakipita wanamtazama, wakiondoka vichwa chini, na wengine wakaanza kuja kujifungulia. Nikadhani yamekwisha hivyo, na nikaona si vibaya. Uzamili ni nini? Apumzike.

Arobaini yake ilipokwisha, Kijakazi akaja, nami nipo pale barazani. Alikuwa amekonda, kanga imemzunguka mara mbili. Akakaa barazani, chini, karibu na miguu ya Benedicta.

"Dada, mbona husomi?"

"Nimeacha."

"Kwa ajili yangu?"

Kijakazi alikuwa akifikicha mchanga kwa kidole, na alisema taratibu, hasira yake ikisikika chini kabisa.

"Siku ile nilikaa pale nyuma ya ukuta, nikauma kanga mpaka ikatoboka. Nilikaa kimya usome. Sasa unaniambia umeacha? Mwanangu niseme alikwenda kwa sababu gani?"

Nilitaka kuinuka niondoke, sikuweza. Benedicta alilia kwa namna ya mtu aliyechoka, bila sauti, akiacha machozi yateremke bila kuyafuta. Mwisho akasema hawezi. Akivaa visikilizio hivyo hasikii mtu, na akiwa hasikii ataua mwingine. Kijakazi akafikiri.

"Soma," akasema. "Mimi nitakaa hapa. Akija mtu nitakukatiza. Wengine wanaona haya. Mimi haya zimeniishia."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila alasiri Kijakazi alikuja na ukili wake wa mikeka, akasuka huku anatazama njia. Akitokea mwanamke anayesitasita pale kwenye kona, anamwita kwa mkono, kisha anamvuta Benedicta kisikilizio kimoja sikioni. Hata kwa kuhara kwa mtoto alimkatiza. Hata kwa kipele. Benedicta alichelewa kazi za darasa, akapata alama za kuchechemea, akaitwa na walimu wake akaulizwa kama ana tatizo la nidhamu. Alizidi kuchoka. Lakini wanawake walikuja.

Mwaka wa pili ikafika siku ya kutetea utafiti wake mbele ya maprofesa. Asingetetea siku hiyo angengoja mwaka mwingine, na suala la chumba lingengoja naye. Nilikuwa nimekaa kando na simu yangu yenye bando la akiba. Maprofesa watatu kwenye kioo cha kompyuta, Benedicta amevaa hereni, ameanza vizuri, sauti imetulia. Nikaona mbali kule njiani mwanamke anakuja, ameshikwa na shangazi yake, anasimama, anatembea, anasimama. Faraja, wa nyumba ya mwisho. Miezi yake haikuwa imetimia.

Nikamtazama Kijakazi. Alikuwa ameshawaona. Wale wawili nao walimwona Benedicta anaongea na kioo, wakasimama, wakaanza kugeuka. Nakiri kwamba moyo wangu ulisema, Mungu wangu, dakika chache tu, waache wakae kidogo.

Kijakazi aliweka ukili chini. Akapita mbele ya maprofesa, akanyoosha mkono, akaifunga kompyuta.

"Inuka," akasema. "Kuna mtu."

Benedicta akainuka.

Mtoto alizaliwa muda mfupi baadaye, wa kike, mdogo, analia kama paka. Faraja alikuwa anavuja damu, na mikono ya Benedicta ilitakiwa huko. Akamnyooshea Kijakazi mtoto. Kijakazi alifungua kanga yake, akampokea yule mtoto kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, akamfunga. Damu ilipotulia na gari lilipofika, Faraja alikuwa hana nguvu ya kushika hata kikombe, kwa hiyo Kijakazi akapanda na mtoto kifuani hivyo hivyo.

Maprofesa walimwambia Benedicta arudi mwakani. Bado anasoma, na chumba bado hakijajengwa.

Safari ile Benedicta amenihadithia mara moja tu. Alisema tangu kijijini Kijakazi aliweka mkono mmoja mgongoni mwa mtoto, anahesabu pumzi zake kwa midomo. Walipofika Kirongwe dereva alipunguza mwendo, na Kijakazi akafumba macho. Walipotoka Kirongwe mtoto alikuwa bado anapumua, na Kijakazi akaanza kulia.